Sura ya Saba: Maksai Wasio na Mwenyewe

Maksai wawili walikuwa wamemaliza maua yote ya mbele ya kituo cha polisi, na asubuhi hiyo walianza kuukodolea macho mpapai wa mkuu. Walikuwa wameletwa kama kielelezo, na kielelezo hakiruhusiwi kuchungwa nje ya uzio. Inspekta Lukresia Ngeleja aliwapita akiwa na faili kwapani. Mwanamke mmoja wa makamo aliyefunga kitenge kiunoni alikuwa akiwapa majani kupitia kwenye uzio.

Faili lilikuwa jembamba. Bujiku, mfugaji wa Kimali, alikamatwa mnadani Bariadi akiwa na maksai hao. Karani wa geti aliingiza namba za hereni zao za masikioni kwenye mfumo wa kompyuta wa ushirika wa wafugaji, na kompyuta ikasema mwenye ng'ombe ni Mwandu. Mwandu mwenyewe alikuwa amesimama papo hapo. Akasema naam, ni wangu, wametoroshwa zizini kwangu. Yakaisha.

"Kesi safi," mkuu wa upelelezi alimwambia. "Kesho asubuhi mtu wako yuko mbele ya hakimu."

Lukresia hakuwahi kuzipenda kesi safi. Kesi safi ni kama mtoto aliyenyamaza chumba cha pili: ukiona kimya hivyo, ujue kuna kitu anakiharibu. Akaagiza mtuhumiwa atolewe mahabusu.

Bujiku aliingia akiwa pekupeku. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mikono iliyokomaa kwa kamba na jembe. Alisubiri aambiwe akae.

"Mwangaluka, baba," Lukresia alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka gete, mayu," aliitikia, akimwita mama kwa heshima.

"Wale ng'ombe ni wa nani?"

"Wanalala kwenye zizi langu."

"Sijakuuliza wanalala wapi. Nimeuliza ni wa nani."

"Nimewalea mimi tangu ndama. Jembe nimewafundisha mimi."

"Ni wa Mwandu?"

"Si wa Mwandu." Hilo alilitamka haraka, na kwa sauti ya mtu anayetema kitu kichungu.

"Basi ni wako."

Bujiku akatazama miguu yake.

Hapo ndipo Lukresia alipoweka kalamu chini. Alikuwa amehoji wezi wa mifugo wengi, wa usiku na wa mchana, na wote wana wimbo mmoja: wangu, nilirithi kwa babu. Huyu alikuwa mwizi wa kwanza kushindwa kusema wangu. Na Lukresia hakuzaliwa Upanga, Dar es Salaam, alizaliwa Busega, kwa watu wenye ng'ombe. Alijua kwamba zizi la Msukuma lina siri kuliko sanduku lake. Humo ndani mna ng'ombe wa shemeji, wa rafiki, wa mtu anayekwepa macho ya majirani, wa mtu anayeogopa ndugu zake. Wameletwa watunzwe. Mtunzaji anakunywa maziwa, analimia, na ukimwuliza ng'ombe ni wa nani anakujibu wote wangu, au anakaa kimya. Kumtaja mwenyewe ni kuivunja nyumba ya mtu. Ukishataja mara moja, hakuna atakayekuletea hata kuku.

"Baba, unamtunzia mtu?"

Bujiku alijifuta viganja kwenye suruali.

"Kesho unakwenda mahakamani. Wizi wa mifugo hauna masihara, watakufunga. Nyumbani wamebaki watoto?"

"Wapo."

"Watakula nini?"

"Watakula kwa watu waliowahi kula kwangu," Bujiku alisema, akainuka.

Aliporudishwa ndani, Lukresia alimwuliza Sajenti Dastan wa mapokezi yule mwanamke wa uzioni ni nani.

"Anasema ni dada yake mtuhumiwa. Kila siku analeta ugali."

"Akifika anaanza wapi?"

Dastan alifikiri. "Kwa ng'ombe, afande. Anawapa majani, kisha ndiyo anakuja kuuliza ndugu yake."

Lukresia aliitikia kwa kichwa, akachukua pikipiki ya kituo kwenda mjini.

Ofisi ya Maftaha ilikuwa nyuma ya duka la vitenge la mama yake, Bi Maua. Ili kuifikia ilibidi upite katikati ya majora ya vitambaa na kuulizwa mara mbili kama unataka cha kushona au cha kujifunga. Kijana alikuwa peke yake na kompyuta zake. Ndiye aliyeutengeneza ule mfumo wa ushirika, akiwa mwandishi wa programu pekee mjini ambaye watu walimjua kwa jina.

"Shikamoo, afande. Karibu kiti."

"Marahaba. Mwandu unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu? Ni mjumbe wa bodi ya ushirika. Ng'ombe wa kujaribia mfumo alinipa yeye."

Lukresia aliunganisha mambo mawili. Mjumbe wa bodi, na mtengenezaji wa mfumo anayemshukuru. Njia ilikuwa imenyooka mno. "Nani anaweza kubadilisha jina la mwenye ng'ombe humo ndani?"

"Akishaandikwa? Hakuna. Labda mimi."

"Basi ni wewe."

"Afande!" Maftaha alisimama. "Simu yangu hiyo hapo, kompyuta hizo hapo. Chukua zote. Mimi na mzee Mwandu hata chai hatujawahi kunywa pamoja."

Alisema hivyo mkono wake ukiwa umenyooshwa na simu juu ya kiganja. Lukresia hakuichukua. Akamsomea namba ya hereni ya maksai wa kwanza kutoka kwenye faili. "Niangalizie huyu."

Maftaha akaandika. Ukurasa ukafunguka: maksai, mwekundu, pembe za kupinda, amechanjwa. Mmiliki: Salu Mboje.

Lukresia aliinama kusoma tena.

"Salu ni nani?" Lukresia aliuliza.

"Simjui. Wallahi simjui."

"Siku ya mnada hapa paliandikwa Mwandu. Karani aliona, polisi waliona, watu wote wa getini waliona. Leo Salu. Nani amebadilisha?"

"Hakuna aliyebadilisha! Kungekuwa na mtu ameingia ningemwona."

Wazo la kwanza lililomjia Lukresia ni kwamba kuna mtu anafuta nyayo zake. Lakini mwenye kufuta nyayo haweki jina la mtu mwingine mahali pake, anaacha patupu. Akampigia simu Doto, karani wa geti na dawati la uandikishaji, na kuiweka sauti juu ili Maftaha naye asikie.

"Doto, leo umeandikisha nani?"

"Mzee mmoja tu, afande, ametoka Mwamanyili na ndama wake. Salu Mboje."

Maftaha alifumba macho.

"Na siku ile ya mnada, kabla Bujiku hajafika getini, wa mwisho kuandikisha alikuwa nani?"

"Alikuwa... Mwandu. Alikuwa na ndama. Nilimaliza kumwandikia, nikasogea getini."

"Sasa wengine waliopita pale getini, nao walitoka na jina la Mwandu?"

"Wengine hatuangalii mwenyewe, afande. Tunaangalia chanjo na kibali. Mwenye mali tunamtazama ukitokea ugomvi tu."

"Ugomvi uliuanzisha nani?"

"Mwandu. Alisema, hebu angalia hawa ni wa nani."

"Rudia maneno yake."

"Hebu angalia hawa ni wa nani. Ndivyo alivyosema."

Lukresia alikata simu. Akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na Maftaha. "Niandikishe mimi."

"Una ng'ombe, afande?"

"Mama yangu ana mtamba huko Kiloleli, mweusi, doa jeupe usoni. Andika huyo, andika jina langu."

Maftaha aliandika, vidole vikiwa vizito. Akabonyeza kuhifadhi. Kisha, bila kuambiwa, akaingiza tena namba ya yule maksai.

Mmiliki: Lukresia Ngeleja.

"Haya," alisema Lukresia. "Sasa Bujiku ameniibia mimi. Nikamkamate mara ya pili?"

Kijana hakucheka. Aliingiza namba ya fahali wa mwenyekiti wa ushirika: Lukresia Ngeleja. Namba ya ng'ombe wa maziwa wa mchungaji: Lukresia Ngeleja. Kwa muda huo mfupi hakukuwa na tajiri wa ng'ombe wa kumfikia mkoa mzima wa Simiyu, na mshahara wake bado haujaingia.

"Fungua hiyo programu," alisema. "Unioneshe mahali."

Kioo kilijaa mistari ya rangi. Maftaha aliifuata kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo. Alipofika mahali fulani akaacha.

"Nielezee kama unamweleza Bi Maua."

"Sawa. Umeona kalibu ya matofali? Kalibu ni moja, matofali ni mengi. Kwenye programu kalibu tunaiita klasi. Hapa klasi ni Ng'ombe. Kila ng'ombe anayeandikishwa ni tofali linalotoka humo. Rangi yake, umri wake, chanjo yake, nimeviandika juu ya tofali lenyewe. Ndiyo maana hivyo haviharibiki." Akameza mate. "Jina la mwenyewe nimeliandika kwenye kalibu."

"Kwa hiyo anayekuja anafuta la mwenzake."

"Na matofali yote yanasoma jina la aliyeandika mwisho."

"Ulilewa?"

"Hapana, afande. Mwanzoni nililiweka panapostahili. Lakini kwenye ukurasa wa geti nilikosea kuuliza. Badala ya kumwuliza ng'ombe huyu mwenyewe ni nani, niliiuliza klasi. Kompyuta ikagoma. Ikaniandikia kwamba klasi haina amri ya namna hiyo. Na ilikuwa kweli, amri ilikuwa ya ng'ombe mmoja mmoja. Nilitakiwa nirekebishe swali." Alionesha neno dogo la Kiingereza mwanzoni mwa mstari, lenye maana ya mwenyewe: *self*. "Mimi nikaihamisha amri. Nikaweka neno hili hapa, amri ikawa mali ya klasi. Uzinduzi ulikuwa umefika, viti vimeshapangwa. Kosa likapotea kwenye kioo, nikashukuru Mungu."

"Halikupotea. Lilinyamaza."

Maftaha aliinamisha kichwa.

"Na hukujaribu?"

"Nilijaribu sana! Nilikwenda hadi kwa Mwandu, nikaandikisha zizi zima. Kila ng'ombe nilimwuliza, huyu wa nani? Akanijibu wangu. Huyu je? Wangu. Nikarudi nikawatafuta mmoja mmoja, wote wakatoka na jina la Mwandu. Sasa ningejuaje?"

Lukresia alimtazama mtoto huyu wa dukani. Kwao, jora likiwa kwenye rafu ni la mwenye duka, hakuna mjadala. Angempata wapi mtu wa kumwambia kwamba zizi halihesabiwi hivyo? Mle ndani kwa Mwandu bila shaka mlikuwa na ng'ombe wa watu chungu nzima, na Mwandu kwa adabu ya kwao akawafunika wote kwa jina lake. Angetaja wenyewe wawili tu, kosa lingejianika siku ile ile.

"Rekebisha," alisema.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Neno lile likafutwa, swali la getini likaelekezwa kwa ng'ombe mwenyewe. Maftaha akaingiza namba ya maksai, na mbele ya neno mmiliki hapakutokea kitu. Akajaribu wa pili. Akajaribu fahali wa mwenyekiti, na ng'ombe wa mchungaji.

"Hakuna," alisema kwa sauti ya chini. "Jina halikuwahi kumfikia ng'ombe hata mmoja, afande. Mkoa mzima huu wameandikishwa, na hakuna mwenye ng'ombe."

Lukresia alifunga faili. Mashine ambayo kesho ingemfunga mtu ilikuwa haijui lolote, na haikuwahi kujua.

"Chukua hiyo laptop," alisema. "Twende kituoni."

Mwandu aliitikia wito mchana huo huo. Alikuja na kofia yake ya pama na fimbo, akasalimia kila mtu, akauliza habari za watoto wa watu. Lukresia alimpa kiti. Alimwita Bujiku naye akae upande wa pili, Dastan akasimama pembeni, na mlango wa kuelekea kwenye benchi la wageni akauacha wazi makusudi.

"Mzee Mwandu, siku ya mnada uliwatambua maksai hawa?"

"Niliwatambua, binti yangu. Mtu hasahau mali yake."

"Ulimwambiaje karani?"

"Nilimwambia aangalie."

"Ulimwambia, hebu angalia hawa ni wa nani. Mzee wangu, mtu haulizi mali yake ni ya nani. Ulitarajia litoke jina gani?"

Fimbo ya Mwandu iliacha kugonga sakafu. Lukresia akamgeuzia kompyuta na kumwambia Maftaha amsimulie. Maftaha alisimulia yote, kuanzia Mwandu hadi Salu, na hadi ng'ombe wa mkoa mzima walipokuwa mali ya polisi. Mzee alisikiliza mdomo wazi.

"Jina langu lilipotoka," alisema hatimaye, "nilijua wakubwa wa kwetu wameamua. Nilijua marehemu ndiye aliyeliweka pale."

"Mizimu haina bando, mzee wangu. Marehemu gani?"

"Kaka yangu. Ng'ombe wa kwake walikuwa na pembe hizi hizi."

"Aa. Kwa hiyo ni ng'ombe wa marehemu kaka yako?"

Lukresia alimwona akipiga hesabu. Akisema ni wa kaka yake, basi hawakutoroshwa zizini kwake, na aliyoyaandikisha polisi ni uongo mtupu.

"Hapana," alisema. "Ni wangu. Sikurithi kwa mtu."

"Hawajawahi kuwa wa kaka yako?"

"Hawajawahi."

"Sajenti amesikia. Bujiku amesikia. Haya, thibitisha, maana kompyuta imejitoa."

"Na yeye athibitishe!" Mwandu alimnyooshea Bujiku fimbo. "Ng'ombe hatoki mbinguni. Aseme ni wa nani, nami nitanyamaza!"

Hapo alikuwa na haki, na Lukresia alijua. Mkuu wa upelelezi asingemwachia mtu mwenye ng'ombe wasio na mwenyewe. Wote wakamgeukia Bujiku.

"Baba," Lukresia alisema. "Ukitamka jina moja, leo unalala kwako."

"Nitalala hapa hapa, mayu."

"Na kesho? Na mwaka kesho?"

Bujiku alitikisa kichwa. Lukresia hakutazama mlangoni. Alisubiri tu, akasikia kandambili zikiburuzwa sakafuni.

"Ni wangu."

Yule mwanamke wa kitenge alisimama kizingitini na bakuli lake la ugali. Mwandu aliinuka nusu.

"Shemeji Monika?"

"Mayu, nyamaza!" Bujiku alipiga kelele. Tangu akamatwe hakuwahi kupandisha sauti. "Rudi nje! Huyu hana ng'ombe, afande, amechanganyikiwa!"

"Ni wangu," Monika alisema tena. "Mama yangu alinipa mtamba nilipojifungua mwanangu wa kwanza. Hawa ni uzao wake. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walihesabu vyote, hadi vifaranga. Hawa ndama nilikuwa nimeshawapeleka kwa Bujiku, ambaye hata si ndugu yangu. Ndicho kitu pekee ambacho hawakukihesabu."

Mwandu alivuta pumzi ya kuongea. Lukresia akamkata.

"Hawajawahi kuwa wa kaka yako. Ni maneno yako, hayajapoa."

Mzee akakaa. Aliivua kofia, akaivaa tena, na alipoongea hakumwangalia Lukresia kabisa.

"Sawa, shemeji. Ng'ombe ni wako. Na ile nyumba unayolala, ni ya nani?"

Monika aliweka bakuli mezani.

"Sajenti, mchukue mzee ukaandike maelezo yake upya," Lukresia alisema. "Taarifa ya uongo kwa polisi. Huyu hatoki leo."

Dastan akamwongoza Mwandu nje, lakini maneno yake yalibaki pale pale. Lukresia aliona aibu. Alimtoa mtu mmoja shimoni kwa kumsogeza mwingine ukingoni, na mlango aliuacha wazi yeye mwenyewe. Mwandu angelala ndani siku chache. Ukoo wa Mwandu ulikuwa nje, na ulikuwa mkubwa.

"Ningekaa," Bujiku alimwambia Monika. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Hata wangenifunga, ningekaa. Kwa nini umesema?"

"Kwa sababu ungekaa," Monika alijibu.

Maftaha alikohoa. Alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta yake muda wote huo kama mtu aliyeingia msiba asioujua. "Mayu, samahani. Hapa kwa mmiliki pako wazi. Polisi hawawezi kuwatoa ng'ombe pakiwa wazi. Nijaze?"

Monika alisogea, akainama kwenye kioo. Alitazama mstari ule mtupu.

"Ukijaza, na wao kwenye simu zao wataliona?"

"Wataliona, mayu. Mtu yeyote mwenye namba ya hereni ataliona."

"Hata usiku, wakiwa kwao, wakitaka kulitazama?"

"Hata usiku."

Bujiku aligeuza uso ukutani.

"Andika," alisema Monika. "Andika langu, halafu andika la baba yangu. La mume wangu usiliweke."